Mtumishi Si Mtumwa: Wito Usigeuzwe Mbadala wa Mkataba

Miezi michache iliyopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa Bweri, Musoma. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya watoto na ya chuoni, kisha akatulia kidogo. Halafu akasema: "Mwanangu, wewe sasa ni daktari, watakusikiliza. Naomba uniandikie karatasi inayosema kwamba nilifanya kazi pale."

"Pale" ni ofisi ya shirika lililokuwa likisaidia elimu ya theolojia kwa wachungaji na wainjilisti wa vijijini: kuandaa vitabu vya kozi kwa Kiswahili, kuendesha semina, kulipia karo za wanafunzi wa vyuo vya Biblia. Mimi nilifanya kazi hapo kwa miaka mitatu kabla ya kwenda kusomea shahada ya uzamivu. Mama huyu alifanya kazi hapo kwa miaka kumi na sita. Alichapa kila kitabu kilichotoka katika ofisi ile, akasahihisha Kiswahili chetu sisi wenye digrii, akatunza stoo, akapokea wageni. Yeye ndiye aliyefungua mlango asubuhi na kuufunga jioni. Siku ya kustaafu alipewa kitenge, cheti katika fremu na saa ya ukutani. Alipokwenda NSSF kuulizia mafao yake, aliambiwa kwamba jina lake halimo.

Nilipekua mafaili yangu ya zamani kumtafutia ushahidi. Mkataba haukuwepo. Hati ya mshahara haikuwepo, kwa kuwa fedha aliyopokea kila mwezi iliitwa "posho ya utumishi". Nilipata hati moja tu yenye jina lake: ripoti ya mwaka kwa wafadhili. Ndani yake mna jedwali lenye kichwa "Mchango wa Wenyeji", na katika safu ya watu wa kujitolea limeandikwa jina lake, idadi ya saa alizofanya kazi, na thamani ya saa hizo kwa shilingi. Tofauti kati ya posho yake na thamani halisi ya kazi yake tuliihesabu kuwa sadaka aliyolitolea shirika. Jedwali hilo nililiandaa mimi. Sahihi iliyo chini ni yangu. Hati pekee inayothibitisha kwamba mama huyu alifanya kazi ndiyo hiyo hiyo inayokana kwamba aliajiriwa, na mwandishi wake ni mimi.

Sitalitaja shirika lile, wala msomaji asilitafute miongoni mwa taasisi nitakazozitaja katika makala hii. Sina nia ya kumwaibisha mtu. Ninachotaka kukipinga ni fikra, na fikra hiyo nimeikuta katika mashirika mengi ya aina ile, makubwa kwa madogo: kwamba anayefanya kazi ya Mungu hana haja ya mkataba, kwa kuwa ana wito. Nasema fikra hiyo ni ya uongo. Ni uongo mbele ya sheria za Tanzania, na ni uongo mbele ya theolojia yenyewe ambayo mashirika hayo yanadai kuitetea.

Niseme mapema kwamba mimi si adui wa elimu ya theolojia. Aliyelelewa Mara hawezi kuwa adui wake. Wamennonite kutoka Marekani walianza kazi Shirati mwaka 1934, na baadaye pale Nyabange, kilomita chache kutoka Bweri, wakawekeza katika kuwafundisha wenyeji kazi ya uchungaji. Mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa kanisa hilo nchini. Wamaryknoll walifika Musoma mwaka 1946. Makoko, kando ya ziwa, kuna seminari, na kuna shule ya lugha ambako wageni wengi wamejifunza Kiswahili. Nyegina ndiko Kambarage wa Butiama alikobatizwa mwaka 1943 na kuitwa Julius. Na Jimbo la Musoma ndilo lililotupa Padri Laurenti Magesa, aliyefariki mwaka 2022, ambaye kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya dini ya Kiafrika kinasomwa katika vyuo vya theolojia mbali na hapa.

Aidha, tumeona gharama ya madhabahu zisizo na elimu. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2018, imefikia hatua ya kumtaka kiongozi wa kanisa awe na shahada ya masuala ya dini. Mtu anaweza kubishana na njia hiyo, lakini hawezi kukana tatizo. Kumsomesha mwinjilisti wa kijijini ni kazi ya kuokoa maisha. Ndiyo maana wanaoifanya wanastahili kutendewa kama watu wanaofanya kazi.

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi katika mashirika haya huzungumza kana kwamba sheria huishia kwenye geti lenye msalaba. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo hata jambo moja tu kati ya kadhaa lililotajwa humo lipo: kwamba anaelekezwa namna ya kufanya kazi, au saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, au anapewa vitendea kazi, au anamtegemea mtu huyo kiuchumi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Mama yetu alizifikisha kabla ya wiki mbili kwisha. Sheria haikuuliza kama fedha yake iliitwa mshahara au posho, wala kama yeye aliitwa mfanyakazi, mtumishi au mjitoleaji. Iliuliza alikuwa akifanya nini, na kwa amri ya nani.

Mtu akishakuwa mwajiriwa, mengine yanafuata. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini inampa haki ya kuandikiwa masharti ya kazi yake na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwanamke akijifungua anapata siku 84 zenye malipo. NSSF inadai asilimia 20 ya mshahara wake, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya hiyo. Ili mtu apate pensheni ya uzeeni, anahitaji michango ya miezi isiyopungua 180. Miaka kumi na sita ni miezi 192. Mama huyu alivuka kiwango kwa mwaka mzima, na hana hata mwezi mmoja.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme posho yake ilikuwa shilingi 300,000. Sehemu ya mwajiri, asilimia 10, ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Semina moja ya siku mbili tuliyokuwa tukiiandaa mjini ilitumia zaidi ya hiyo kwa chai na maji ya chupa. Kwa hiyo anayeniambia kwamba fedha haikuwepo, namwambia kwa heshima: ilikuwepo. Haikuwepo nia ya kuiita haki yake kwa jina lake.

Sasa nije kwenye theolojia, maana hapo ndipo watetezi wa fikra hii hujiona salama zaidi.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba utumishi ni sadaka, na humtolea mfano Mtume Paulo, aliyeshona mahema asije akalielemea kanisa. Naomba waisome upya sura ya tisa ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Paulo anatumia nusu ya sura hiyo kuthibitisha kwamba anayeihubiri Injili ana haki ya kuishi kwa kazi hiyo. Anataja askari, mkulima, mchungaji wa kundi, hata ng'ombe apuraye nafaka. Akishaithibitisha haki hiyo, ndipo anaposema kwamba yeye binafsi ameamua kutoitumia. Haki inasamehewa na mwenye haki. Kanisa la Korintho halikumsamehea Paulo haki yake kwa niaba yake, kisha likaandika katika ripoti kwamba amejitolea. Sisi ndivyo tulivyofanya. Tulimtolea mama yule sadaka ambayo yeye hakuitoa, tukaihesabu, tukaitia thamani ya shilingi, tukaitumia kuombea fedha nyingine.

Kama Paulo hatoshi, kuna Torati, Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inayoamuru kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua. Kuna Waraka wa Yakobo, sura ya tano, ambamo ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele hadi masikioni mwa Mungu. Kwa Wakatoliki kuna waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, na Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ambayo iligeuza kidole ndani ya nyumba yenyewe: ilisema kwamba wanaolihudumia Kanisa kwa kazi zao wapate riziki ya kutosha na hifadhi ya jamii iliyo ya kawaida katika nchi yao, na kwamba walei walipwe ujira wa haki. Tuliyafundisha mafungu haya katika kozi zetu. Mama yule ndiye aliyeyachapa.

Hoja yao ya pili ni historia: wamisionari waliacha makwao, wakalala kwenye nyumba za nyasi, wengine wakazikwa huku, mbona wao hawakudai mikataba? Hoja hii ina uzito wa hisia, na mimi siidharau sadaka yao. Lakini tuitazame historia nzima. Mwaka 1947 ilianzishwa, pale pale Nyabange, shule ya watoto wa wamisionari iliyoitwa Mara Hills. Mwaka 1967 ikahamia Nairobi, na leo inajulikana kama Rosslyn Academy. Siitaji kwa lawama. Naitaja kwa sababu ni jambo la busara. Waliomtuma mmisionari walifahamu kwamba mtu mwenye wito ana watoto pia, na watoto wanahitaji shule. Nyuma ya sadaka yake palikuwa na bodi ya misheni iliyopanga gharama za maisha yake. Wito wake ulikuwa na bajeti. Kwa nini wito wa mchapaji wa Bweri uwe ndio pekee unaoishi kwa hewa?

Tuna mfano mwingine ulio karibu zaidi na kazi tunayoizungumzia. Mwishoni mwa mwaka 1957 na mwanzoni mwa 1958, Baraza la Kimataifa la Wamisionari lilikutana Ghana na kuanzisha Mfuko wa Elimu ya Theolojia kwa mtaji wa dola milioni 4, nusu yake ikiwa ni fedha za Rockefeller. Mfuko huo ulisaidia vyuo vya theolojia katika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kati ya mwaka 1972 na 1975, mkurugenzi wake mshiriki kwa upande wa Afrika alikuwa kasisi wa Afrika Kusini aliyeishi Uingereza na kufanya kazi kutoka Bromley, akizunguka bara hili kukagua vyuo na kushauri misaada iende wapi. Jina lake ni Desmond Tutu. Alikuwa mwajiriwa wa shirika lenye dhamira ya kusaidia elimu ya theolojia, sawasawa na mama yetu. Je, kuna mtu atakayethubutu kusema kwamba Tutu alipungukiwa wito kwa kuwa aliajiriwa? Kama ajira haikuua wito wa Tutu, haitaua wa mtu yeyote Musoma.

Hoja ya tatu ni ya wakurugenzi wenyewe, nayo ina ukweli ndani yake: wafadhili hawataki kulipia mishahara. Mfadhili atalipia mafunzo, vitabu, pikipiki, hata kompyuta. Ukimwandikia mstari wa NSSF anauita gharama za uendeshaji na kuomba upunguzwe. Mradi ni wa miaka mitatu, ukiisha unaandikwa mwingine wenye jina jipya, na mfanyakazi yule yule anaanza upya kama mtu aliyeajiriwa jana. Hapa lawama iende pia Ulaya na Marekani. Mwaka 1971, mjini Milwaukee, Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki alitaka upelekaji wa wamisionari na fedha usitishwe kwa muda, makanisa ya Afrika yapate kujisimamia. Wengi walimwona mkorofi. Nusu karne baadaye wamisionari wamepungua kweli, lakini bajeti bado inaamuliwa huko huko, na sisi wenyeji tumekuwa mafundi wa kuifanya ionekane nafuu kwa kuwakata wenzetu. Mfadhili hakuliona jedwali langu likiandaliwa. Mimi niliandaa nikijua atapenda nini. Punda afe, mzigo ufike. Nami nilikuwa mmoja wa waliomshika punda kamba.

Hoja ya nne ni ya kunong'onezwa: ukiyaandika haya unawapa silaha wanaolichukia Kanisa. Naijibu kwa mtu wa Butiama. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alizungumza na Masista wa Maryknoll huko New York, akawaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupambana na mifumo inayowaweka watu katika umaskini, litajitenga na watu hao na litapoteza maana. Hakunyamaza kwa kuogopa kuwaudhi marafiki, na Wamaryknoll walikuwa marafiki zake. Naye Padri Magesa alitufundisha kwamba katika mizani ya maadili ya Kiafrika, chema ni kile kinachoongeza uzima, na kiovu ni kile kinachoupunguza. Mzee wa miaka sitini asiye na pensheni baada ya miaka kumi na sita ya kazi amepunguziwa uzima. Anayelipa Kanisa silaha mbaya ni yule aliyempunguzia.

Lugha yetu yenyewe inatuonya. Mtume, mtumishi na mtumwa ni maneno ya mzizi mmoja, "tuma". Wote watatu wametumwa. Mtume ana mamlaka ya aliyemtuma, mtumishi ana ujira, mtumwa hana kimojawapo. Ukimwondolea mtumishi ujira na haki zake, ukabaki kumwita mtumishi kwa sauti ya upole kila asubuhi kwenye sala ya ofisi, umebadilisha hali yake na kuliacha jina.

Kifanyike nini? Kwenu wakurugenzi: mpeni kila anayewafanyia kazi mkataba wa maandishi, na pelekeni michango yake tangu mwezi wa kwanza. Kama fedha inatosha mtu mmoja, ajirini mmoja. Anayetaka kujitolea kweli ajitolee kwa saa chache na kwa hiari yake, huku jioni akirudi kwenye kazi inayomlisha. Kwenu wajumbe wa bodi, maaskofu na wazee wa kanisa: mnapoletewa ripoti ya mkaguzi wa hesabu, ombeni na risiti za NSSF. Kwenu wafadhili: acheni kujivunia kwamba asilimia kubwa ya fedha yenu inakwenda moja kwa moja kwa walengwa. Aliyechapa kitabu ni mlengwa pia.

Kwenu watumishi wa umma, hasa maafisa kazi na wakaguzi wa NSSF: msilipite geti kwa sababu bango lake lina aya ya Biblia. Sizungumzii mapadri, watawa na wengine waliofunga nadhiri, ambao maisha yao yana utaratibu wake. Nazungumzia mchapaji, dereva, mlinzi, mhasibu, mfasiri na mratibu wa semina.

Na kwenu wanafunzi wangu, ambao wengi mtaomba kazi katika mashirika haya kwa kuwa mna moyo mzuri na ajira ni chache: nendeni, kazi ni njema. Lakini siku ya usaili, mkiulizwa kama mna wito, jibuni ndiyo, kisha nanyi mwulize kuhusu mkataba. Mkidhulumiwa, msikae kimya miaka kumi na sita. Mlalamiko wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Upole una mahali pake, lakini kalenda ya Tume haiungoji.

Barua ya mama nimeiandika. Nimeeleza kazi alizofanya na miaka aliyoifanya, nimeambatisha nakala ya lile jedwali, na chini yake nimeandika kwamba aliyeliandaa ni mimi na kwamba neno "kujitolea" lililomo si la kweli. Nilimpelekea mwenyewe Bweri. Aliisoma polepole, akachukua kalamu, akanionyesha makosa mawili ya chapa na mkato mmoja uliokaa vibaya. Nikaenda stendi kwenye duka la kuchapa, nikaisahihisha, nikamrudishia. Ameipeleka NSSF. Tunasubiri.